Kila Funza Msumari Wake

Kama hujawahi kumsikia mtu mzima, mwenye wajukuu, akimbembeleza funza kwa sauti ya kushangilia mpira, basi hukuwepo kwenye karakana ya Fundi jioni ile. Ulikosa, nakwambia. Lakini twende pole pole, maana jambo lenyewe halikuanzia karakanani, lilianzia shambani.

Fundi ni seremala. Vitanda, milango, madawati ya shule, ukitaka jeneza pia atakutengenezea na wala hatauliza ni la nani. Ila roho yake iko kwenye viazi. Nyuma ya karakana kuna shamba la mteremko alilorithi kwa baba yake, na chini kabisa ya mteremko, pale ardhi inapotulia, kuna bwawa la samaki la dada yake anayemfuata kuzaliwa. Mzee aliwagawia hivyo: juu kaka, chini dada, na mpaka wao ni nyasi tu. Huyo dada ndiye watu wanamwita Mama Samaki, na ndiye tutakayekuwa naye bega kwa bega mpaka mwisho.

Sasa, kuna mdudu anaitwa funza wa udongo. Ni mtoto wa mbawakawa. Mweupe, mnene, kichwa cha kahawia, muda wote amejikunja kama anaumwa tumbo. Anakaa chini ya ardhi anatoboa viazi kimya kimya, na wewe huku juu unasifia majani yalivyostawi. Msimu wa juzi walimtobolea Fundi viazi mpaka vikawa kama filimbi. Kwa hiyo mwaka jana, kabla ya kupanda, akapandwa na hasira, akaita mashine ya ushirika ikamwaga dawa shamba zima, kuanzia ukingo wa juu mpaka kwenye nyasi za mpaka. Mvua ikanyesha juu ya dawa. Kulipokucha Mama Samaki akashuka bwawani na bakuli lake la chakula, akawakuta perege wake wote wanaelea matumbo juu. Wote. Hakubaki hata wa kusimulia.

Fundi akasema ni joto la maji. Hakuna aliyemwamini, hata mkewe.

Tangu siku ile Mama Samaki akaacha kumwita kaka. Akawa anamwita jirani. "Habari za asubuhi, jirani." "Jirani, mbuzi wako wamevuka." Kwa adabu kabisa, bila kupandisha sauti. Jamani, kuitwa jirani na mtu mliyenyonya titi moja ni tusi ambalo huwezi hata kulishtaki. Damu nzito kuliko maji, wanasema watu, lakini maji ya bwawa lile yalikuwa mazito vilevile.

Mwaka huu akaanza upya. Akatia vifaranga wa samaki, akawalea kama watoto wa kuokota, wakanenepa mpaka ukirusha chakula maji yanachemka. Walikuwa wamebakiza kidogo tu wavuliwe. Ndipo akasikia kwa wifi yake, yaani mke wa Fundi, kwamba funza wamerudi shambani, kabla hata viazi havijapandwa, na mashine ya ushirika imeshapangiwa siku: keshokutwa asubuhi. Tena ikishaondoka hapo haionekani tena msimu mzima.

Mama Samaki hakulia. Alifunga kanga kiunoni akaenda kumtafuta Bwana Shamba.

Bwana Shamba ni msichana. Ndiyo, msichana, tena mdogo wa mwili, amemaliza chuo juzijuzi tu. Lakini ofisi ile watu wameizoea kwa jina hilo, na kila aliyejaribu kumwita Bibi Shamba alijikuta anacheka, basi akabaki kuwa Bwana Shamba, na yeye mwenyewe akaitika. Akasikiliza habari yote amekaa ukingoni mwa kiti, na kabla haijaisha akawa ameshasimama.

"Mama, hili linawezekana! Tunaweza kuwachorea funza ramani. Twende sasa hivi."

Wakaingia karakanani, mahali ambapo Mama Samaki hakuwa ametia mguu mwaka mzima. Harufu ileile ya gundi na mbao mbichi, vumbi la msumeno mpaka kwenye nyusi za Fundi. Fundi akazima mashine yake ya randa, akamtazama dada yake, akatazama pembeni.

"Karibu," akasema.

"Asante, jirani."

Bwana Shamba akaingia katikati haraka kabla hewa haijaganda. "Baba, funza hawatapakai kama mvua. Mbawakawa jike anataga pale palipomfaa, kwa hiyo wanakaa kwa makundi makundi. Ukipiga dawa shamba zima unaumwagia udongo usio na kosa. Nipe siku moja tu. Kesho tunachimba, tunahesabu, tunachora. Keshokutwa mashine inapiga penye funza peke yake."

"Na viazi vyangu vikiliwa?"

"Havitaliwa. Ramani ikionyesha wapo, tunawapiga bila huruma."

Fundi akakuna kidevu, vumbi likamwagika. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa mtu aliyetobolewa viazi. "Sawa," akasema. "Tutafuata ramani. Lakini ikisema wako chini, kule mpakani?"

Mama Samaki akajibu haraka, kifua mbele: "Ikisema chini, utapiga chini. Sitafungua mdomo."

Mdomo uliponza kichwa. Lakini siku ile alikuwa na uhakika, maana yeye karibu na nyasi zile hajawahi kuona kiazi kimoja kilichotobolewa.

Kesho yake alikuwa wa kwanza shambani, jembe begani. Bwana Shamba akaja na kamba ndefu yenye mafundo. Penye fundo unachimba shimo, upana wa jembe na kina cha jembe. Udongo wote unamwagwa juu ya gunia jeupe, unapekuliwa kwa vidole kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Funza anayepatikana anatiwa kwenye mkebe wa shimo lake, na mkebe unaandikwa kwa mkaa, safu gani, shimo la ngapi. Fundi akachimba, Mama Samaki akapekua, Bwana Shamba akahesabu, na Wifi akashika mikebe huku amekunja pua.

"Kila mweupe mnene mwenye kichwa cha kahawia ni mali yetu," akasema Bwana Shamba. "Hesabuni wote, msiache hata mmoja!"

Weka neno hilo akilini, maana ndilo lililotaka kutuzika.

Walianzia juu. Shimo la kwanza, hamna kitu. La pili, hamna. La tatu, jongoo mmoja ambaye Wifi alimpigia yowe kana kwamba ni chui. Fundi akaanza kununa, anaona anachezewa. Halafu wakafika pale ardhi inapojipinda, penye mabua ya zamani, jembe likashuka, udongo ukamwagwa, na Mama Samaki akaruka.

"Huyo! Na huyo! Wifi, leta mkebe, wanakimbia!"

"Wanakimbia wapi na tumbo lile?" Wifi akasema. "Wanatembea kama wewe."

"Mimi natembea hivi kwa sababu nakula vizuri. Wewe sijui jirani yangu alikuokota wapi na mifupa yako."

Na kuanzia hapo kazi ikawa mchezo. Kila shimo wakawa wanabashiri kabla jembe halijashuka. Fundi mwenyewe, ambaye alikuja amevimba, akawa anapiga magoti kuchungulia gunia. Wakamaliza kundi lile la kwenye mabua, wakakuta mashimo matupu safu mbili, kisha kundi lingine upande wa uzio, nono kuliko la kwanza. Mama Samaki akawa anatamani kuimba. Sijui kama kuna binadamu mwingine aliyewahi kufurahia funza wa mwenzake kiasi kile. Kila funza aliyepatikana huko juu kwake ni samaki aliyepona.

Wakashuka. Katikati patupu. Chini ya katikati patupu. Ikabaki safu moja tu, ya mpakani, iliyo karibu na nyasi kiasi kwamba ukiinua macho unaona maji ya bwawa yanameremeta.

Jembe likashuka. Udongo wa pale mweusi, laini, ukamwagika kwenye gunia, na gunia likawa linatembea.

Mama Samaki akapekua. Weupe, wanene, vichwa vya kahawia. Mkebe ukajaa. Shimo lililofuata, hivyo hivyo. Na lile la mwisho, kwenye kona kabisa inayogusa bwawa, ndilo lililokuwa na wengi kuliko yote. Wifi alianza kufanya mzaha, akautazama uso wa wifi yake, akaumeza mzaha wake.

"Mikebe ipelekwe karakanani," Fundi akasema taratibu.

Kule karakanani alikuwa ameshaandaa kipande kikubwa cha plaiwudi, amekipigia mistari kwa penseli na pembemraba, kila shimo na chumba chake. Yeye ni seremala, karatasi haiamini. Akamwaga misumari midogo mezani, akasema: kila funza msumari wake. Bwana Shamba akawa anasoma, safu ya kwanza, shimo la kwanza, hakuna. Shimo la pili, hakuna. Na palipo na funza nyundo inalia: ko, ko, ko, ko. Mwishoni akakisimamisha kile kipande cha ubao ukutani, nao wakarudi nyuma kukitazama.

Haki ya Mungu, ramani ile ilikuwa nzuri. Ubao mtupu, mweupe, halafu kichaka cha misumari pale kwenye mabua, kichaka kingine kwenye uzio. Ungeweza kuipapasa kwa mkono macho umefumba ukajua adui yuko wapi. Na chini kabisa, safu nzima ya mpakani, misumari imebanana mpaka hakuna pa kuweka kidole.

"Shimo likiwa na funza mmoja au wawili, viazi vinavumilia," Bwana Shamba akasema. "Kuanzia watatu, ni dawa."

Fundi aliweka nyundo chini. Ungetegemea afurahi, maana ramani imempa alichotaka, lakini alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, anafuta tena.

"Mnaweka nini pale chini?" Bwana Shamba akauliza. "Mbona udongo wake mweusi vile?"

"Samadi," akasema Mama Samaki. "Narundika samadi ya ng'ombe kwenye nyasi. Natia kwenye magunia nalowesha bwawani, maji yapate ukijani, samaki wapate kula. Mvua inaisambaza kidogo." Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. "Kwa hiyo ni mimi. Nimewafuga mwenyewe."

Ilimuuma. Nisikufiche, ilimuuma kuliko samaki wa mwaka jana, maana mwaka jana alikuwa na wa kumlaumu. Akatazama ile safu ya misumari. Aliona kabisa jinsi ambavyo angeweza kusema hapana, nimebadili nia, shamba lako ni lako na bwawa langu ni langu. Lakini alikuwa ameahidi mbele ya watu, na alikuwa binti wa baba yake.

"Piga," akasema. "Nilisema sitafungua mdomo."

"Dada..." Fundi akaanza.

"Nimesema piga, jirani."

Wifi hawezi ukimya. Kuna watu hivyo, ukimya unawawasha mwilini. Akaukwapua mkebe mmoja wa safu ya chini, akasema, "Basi angalau hawa niwape kuku wangu, tupate na sisi faida," akaumwaga juu ya meza ya kazi, ile mbao pana iliyopigwa randa mpaka inang'aa, ili awachague wanono. Funza wakatapakaa. Na mmoja wao, badala ya kujikunja, akajinyoosha, akajigeuza chali, miguu yake sita juu inaning'inia hewani bila kazi, akaanza safari. Kwa mgongo! Anajisukuma kwa mikunjo ya mgongo, huyoo, anaambaa na meza kama anayewahi miadi.

Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani njooni mwone mlevi! Huyu anatembea chali!"

Bwana Shamba aliyekuwa amejiinamia akainua kichwa. "Umesemaje?"

"Anatembea chali, miguu juu. Na huyu! Na huyu pia! Wote wamelewa!"

Nakwambia, yule msichana aliruka kutoka kule alikokuwa mpaka mezani bila kugusa sakafu. Akaweka uso karibu na mbao mpaka pua ikagusa. Akapiga kelele ambayo sijui niiandikeje.

"Siyo wao! Siyo wao! Mungu wangu, mimi ni mjinga, siyo wao!"

"Siyo wao kina nani?" Fundi akauliza.

"Hawa siyo wala mizizi! Hawa ni watoto wa mbawakawa wa samadi, wanakula vitu vilivyooza tu, kiazi hawakijui! Anayetoboa viazi ukimweka mezani anajikunja analala ubavu. Huyu wa samadi anatembea chali. Tulifundishwa, tukachora, nikapata alama zote! Lakini nilimsoma kwenye picha, na funza wa kwenye picha hatembei!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Mimi ndiye niliyewaambia mhesabu wote. Nimewapa kesi funza wasio na hatia!"

Mama Samaki akashika meza. "Kwa hiyo safu ya chini..."

"Sijui bado, mama. Lazima tuwajaribu wote, mkebe kwa mkebe. Na tuanze na wale wa juu kabisa, tusije tukajipendelea."

Wakamwaga mkebe wa kwenye mabua. Funza wakajikunja, wakalala ubavu, wakanuna. Hakuna aliyekwenda popote. Wakamwaga wa uzioni. Vilevile, kila mmoja amejifunga kama pingu. Misumari yao ikabaki ilipo.

Kisha safu ya chini. Fundi akachora mstari wa chaki katikati ya meza bila kuambiwa, akaichukua nyundo, akaigeuza upande wa kung'olea. Mkebe wa kwanza ukamwagwa.

"Haya, twendeni!" Wifi akapiga makofi.

Wa kwanza akajigeuza chali akaondoka. Fundi akang'oa msumari, kriii. Wa pili, chali. Kriii. Wa tatu, wa nne, wanavuka mstari wa chaki miguu juu, na misumari inadondoka sakafuni, na Wifi anatangaza kama mtu wa redioni: "Yule mnene anaongoza, yule mnene anaongoza, lo, amegonga gundi, amepitwa!" Mmoja alijikunja akabaki, wakamwachia msumari wake. Mkebe uliofuata, wote chali. Ubao ukawa unafunguka, chumba kwa chumba, weupe wake unarudi. Mama Samaki hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikuwa anazunguka meza, kanga imedondoka, hajui.

"Kaka!" akapiga kelele. "Kaka, huyu hapa pia amegeuka, mng'oe! Kaka, haraka!"

Fundi alisimama na nyundo mkononi sekunde moja. Wifi alimwona. Kisha akang'oa msumari ule kwa nguvu mpaka ukaruka dirishani.

Ukabaki mkebe mmoja. Wa kona, wa shimo linalogusa bwawa. Ule wenye wengi kuliko yote.

Bwana Shamba akaumwaga taratibu. Wengi wakajigeuza pale pale, wakaenda zao. Kriii, kriii, kriii. Lakini mmoja akajikunja akalala ubavu. Mla mizizi. Mwingine naye, hivyo hivyo. Wawili. Kila mtu akahesabu kichwani. Wengine wote wakavuka mstari, misumari yao ikang'oka, na pale katikati ya meza akabaki funza wa tatu, amejikunja, hajalala vizuri wala hajageuka. Katulia tuli.

Watatu ni dawa. Na dawa kwenye kona ile ni bwawa.

"Mpeni nafasi," Bwana Shamba akanong'ona. "Mtu asimguse."

Wakamzunguka. Funza akatikisa kichwa chake cha kahawia, akatulia. Mama Samaki aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Funza akajinyoosha kidogo. Akajikunja tena. Loo! Mdudu asiye na haya, anakula muda wa watu wazima wanne!

Na hapo ndipo ikasikika sauti nzito, na haikuwa ya Mama Samaki. Ilikuwa ya Fundi. Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, kidevu kiko mezani, anamtazama funza uso kwa uso.

"Geuka, baba," akasema. "Geuka mzee wangu. Nakuomba."

Funza akajinyoosha.

"Ndiyo hivyo! Geuka! Twende! GEUKA!"

Wote wakaanza, Wifi anapiga meza, Bwana Shamba anaruka, Mama Samaki anaita majina ya marehemu. Na funza yule, labda kwa kuchoshwa na kelele, akajibingirisha. Miguu sita ikaenda juu. Akakaa hivyo. Kisha mgongo wake ukafanya wimbi moja, likafuata lingine, akaanza kuambaa na meza, pole pole, kama mwenye shamba anayekagua mali, akavuka mstari wa chaki.

Sijui nani alimkumbatia nani. Najua Wifi alipiga vigelegele mpaka watu wakasimama barabarani, na Bwana Shamba alimbusu funza. Kweli, alimbusu, kisha akakimbia kunawa. Fundi akaenda kwenye ubao akang'oa msumari wa funza yule, akapapasa ile safu ya chini kwa kiganja kizima, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ramani ndiyo hii," akasema.

Mashine ikaja asubuhi. Shamba lilikuwa limepigwa vigingi vyenye vitambaa vyekundu, kuzunguka mabua na kuzunguka kona ya uzio, basi. Dereva akashangaa. "Yaani nimeburuta mashine yote hii kwa viraka viwili?"

"Piga penye kitambaa," Fundi akamwambia. "Ukivuka kitambaa nakutengenezea jeneza bure."

Kazi ikaisha upesi, mashine ikaondoka. Na alasiri mawingu yakaanza kujikusanya.

Mama Samaki alilala na masikio wazi. Alfajiri mvua ikashuka, mvua ya kweli, ile inayopiga bati mpaka huwezi kuongea. Akajiambia ramani ni sahihi. Akajiambia viraka viko mbali, juu huko. Akajiambia mengi, lakini moyo hauna masikio. Kulipoanza kupambazuka akachukua bakuli la chakula, akajitupia nailoni kichwani, akatoka.

Alipofika kwenye nyasi akaona mtu.

Fundi alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, amelowa chapachapa, suruali imekunjwa magotini, tope mpaka kwenye mapaja. Jembe lilikuwa mkononi. Nyuma yake, urefu wote wa mpaka ule, kulikuwa na mfereji mpya umechimbwa, unayachukua maji yote ya mteremko na kuyapeleka pembeni, mbali, kwenye mtaro wa barabara. Hakuna mtu anayechimba mfereji wa namna ile kwa dakika chache. Ina maana alianza mvua ilipoanza, au kabla.

"Kaka," akasema Mama Samaki. "Ramani si ilisema..."

"Ilisema." Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye maji, yanatafuta. "Nimewaona wawili wanapita. Watatu. Lakini wako chini, sijui wengine. Sijui."

Mvua ilikuwa inapungua. Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, akajipaka tope zaidi.

"Mwaka jana ulishuka hapa peke yako," akasema. "Nilikuwa dirishani. Nikakuona umesimama, nikafunga pazia."

Mwaka mzima Mama Samaki alikuwa amepanga maneno, makali, yamenolewa, na sasa akayaacha yapite. Akamkabidhi bakuli.

"Rusha wewe," akasema.

"Mimi? Sijui kurusha."

"Unachovya mkono, unarusha. Siyo useremala."

Fundi akachota konzi ya pumba, akarusha katikati. Pumba ikaelea juu ya maji. Hakuna kitu. Matone machache ya mvua, basi. Akamtazama dada yake na uso wake ukaanza kuanguka.

Kisha bwawa lote likalipuka. Migongo, mikia, midomo, maji yanaruka mpaka kwenye shingo zao, perege wanapandiana kama wenye njaa ya wiki, na Fundi akaruka nyuma, akateleza, akakaa kitako kwenye tope na bakuli amelikumbatia.

"Wanakula!" akapiga kelele, mtu mzima yule. "Dada, wanakula! Tazama, wanakula!"

"Nawaona," akasema Mama Samaki, akakaa naye kwenye tope. "Rusha tena."